Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na TAMISEMI: sisi wa visiwani sio watoro wa dawa

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika nikiwa Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, sio Nansio mjini, niko kwenye moja ya vile visiwa vidogo ambavyo kwenye ramani ni kidoti tu. Jina la kisiwa siliweki mana tuko wachache na nikilitaja watu wataanza kuhesabu nani anatumia dawa na nani hatumii. Mimi ni mchuuzi wa dagaa, alafu ni WAVIU mshauri, yaani naishi na VVU, niko kwenye dozi miaka mingi, virusi vimefubaa, na kazi ninayojitolea ni kuwatafuta wenzangu waliopitisha tarehe ya kliniki.

Kila mwezi kituo kinanipa karatasi ya majina. Karibu wote nawajua. Huyu kafuata dagaa Goziba kule Muleba, huyu yuko Bunda anauguza mama yake, yule mwingine tajiri wake, yaani mwenye mtumbwi, kahamisha kambi usiku na hakupata hata nafasi ya kuaga. Je wanameza dawa? Wengine wanameza, wanaazimana vidonge na wenzao wa kambini, wengine ziliisha na wanasubiri warudi huku. Sasa kwenye rejista wote hao wameandikwa watoro, sawasawa na mtoto wa shule aliyeruka ukuta kwenda kuangalia mpira, na mimi natumwa nikawarudishe bila nauli ya boti. Kiukweli hii ndo imenifanya niandike, nimechoka kutafuta watu ambao hawajapotea.

Nianze na habari ya umbali. Kutoka ninapoishi mpaka CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, sio mbali, asubuhi kukiwa hakuna ukungu ukisimama mwaloni, pale mitumbwi inapoegesha, unaona bati za jengo zinameta ng'ambo. Ila kufika pale kwanza uombe Mungu kuwe na boti siku hiyo, boti yenyewe haiondoki mpaka ijae, ikijaa imejaa kweli, na ziwa likichafuka nahodha mwenye akili anagoma, asiye na akili anaondoka. Ukichelewa kurudi unalala huko, na kulala ni hela, kula ni hela, na dagaa uliowaanika nani anawageuza. Mtu wa mjini anaenda kliniki saa mbili, saa tano yuko kazini. Huku tarehe moja ya kliniki inaweza kula siku mbili au tatu za mtu, na kama ni mvuvi wa kulipwa kwa mgao wa usiku asipovua hana mgao, na akirudi anakuta nafasi yake kwenye mtumbwi kapewa mwingine.

Alafu maji yenyewe. Hatujasahau tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilizama karibu kabisa na gati la Bwisya pale Ukara, watu walikua wanaona nyumba zao, wakafa 228 kwenye kivuko kilichotakiwa kubeba abiria 101. Mama akiniambia "dada siku ile ziwa lilikua baya nikaogopa kupanda", naandika nini kwenye kile kisanduku cha sababu? Nakubali baada ya ajali mlileta MV Ukara II, na kituo cha afya Bwisya kilipanuliwa kwa hela za rambirambi, tunashukuru sana. Ila nyie wenyewe mnaona, kituo kimepatikana kwa rambirambi! Visiwa vingine ambavyo havijapata msiba mkubwa hivo navyo vina wagonjwa.

Sasa tuje kwenye hesabu zenu. Tangu ule mpango wa MMAM wa 2007, wa kuendeleza afya ya msingi, sera inasema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Ni sera nzuri, siipingi. Lakini wilaya yetu ina visiwa 38 (sio vyote vinakaliwa mda wote, vingine vinajaa na kuisha watu kufuatana na samaki), na kata moja ya huku inaweza kuwa na kisiwa hiki na kile na kile kingine. Zahanati inajengwa kwenye kimoja, taarifa inaenda Dodoma kwamba kata imefikiwa, na wale wa visiwa vingine hapohapo wameshahesabiwa kuwa wana huduma. Naomba siku moja mtu wa mipango aichukue orodha ya vituo vya tiba na matunzo, asiipange kwa kata, aipange kwa kisiwa. Ataona mwenyewe.

Na kambi haziko kwenye orodha yoyote. Kambi ya wavuvi ni vibanda vya nyasi na maturubai, leo kuna watu mia kadhaa, dagaa wakihama inabaki mifupa ya vibanda na mbwa. Hakuna serikali ya kijiji pale, kuna BMU tu, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, na matajiri wa mitumbwi. Wanaoishi pale ni vijana wa kiume wengi, wanawake wachuuzi kama mimi, wapika chakula na wauza pombe. Kila mtaalamu akija hapo anatuhubiria tabia, eti wanawake wanatoa ngono ili wauziwe samaki, eti wavuvi wana hela za haraka hawajali kesho. Sikatai kwamba yapo, na sisi wanawake ndo tunaoumia nayo zaidi kuliko yeyote. Lakini nimekaa kwenye semina nyingi sana za tabia na sijawahi kukaa kwenye semina moja ya boti.

Kuna kitu kingine ambacho sidhani mtu aliyepanga ratiba za kliniki anakijua. Dagaa wanavuliwa kwenye giza. Mwezi ukiwa haupo wavuvi wanaingia ziwani jioni na taa, wanarudi alfajiri, wanalala mchana. Sisi wanawake alfajiri ndo tuko mwaloni tunagombania ndoo, jua likitoka tunaanika, tunageuza, mvua ikinyesha umelia. Mbalamwezi ikiwaka kazi inasimama, watu wanashona nyavu, wananywa, wanalala, wengine wanaenda makwao. Kwa hiyo kwa mwezi kuna siku ambazo mvuvi hawezi kabisa kuja kliniki hata umwite na kipaza sauti, na kuna siku hana la kufanya yupo tu kivulini anacheza bao. Kliniki yenu ni jumanne na alhamisi, saa mbili mpaka saa tisa, mwaka mzima. Huduma mkoba, ile ya wahudumu kutufuata huku kisiwani, nayo inakuja pale mafuta yanapopatikana, na mara nyingi ikija ni giza, inakuta wanaume wamelala fofofo na wanawake wako kwenye chanja, wanapima watu wachache, wanapiga picha, wanaondoka, ripoti inaandikwa mwitikio mdogo. Jamani kalenda ya mwezi haina siri, hata mtoto wa darasa la pili wa huku anaijua.

Hapohapo nigusie na mda wa kumeza. Wengi walipoanza waliambiwa saa mbili usiku, meza kila siku saa ileile. Saa mbili usiku mvuvi yuko katikati ya maji na wenzake kwenye mtumbwi mmoja, taa inawaka, atatoa wapi kidonge bila kuulizwa? Hizi dawa za sasa za TLD ni kidonge kimoja kwa siku na mtu anaweza kuchagua saa yoyote inayomfaa, mradi aishike. Mimi nawaambia wameze alfajiri wakishashusha mzigo, kabla ya chai. Lakini haya wanaambiwa na mchuuzi wa dagaa, yangetakiwa yatoke kwa mtoa huduma siku ya kwanza.

Sasa dawa za miezi mingi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwongozo unaruhusu mtu kupewa dawa za miezi mitatu mpaka sita kwa mkupuo. Tulivyosikia tulishangilia kweli, tulijua imetungwa kwa ajili yetu. Kumbe anaepewa ni yule aliyetulia kwenye dawa, maana yake anahudhuria tarehe zake, kapimwa wingi wa virusi na majibu yapo kwenye faili na yako vizuri. Sasa angalieni huo mzunguko. Mvuvi anahamahama kwa hiyo anakosa tarehe. Kwasababu amekosa tarehe hajatulia. Kwasababu hajatulia anapewa za mwezi mmoja. Kwasababu ni za mwezi mmoja zinaisha akiwa kambini, anakosa tena tarehe. Na mwalimu wa pale Nansio anayekaa jirani na hospitali, anayeweza kutembea kwa mguu, huyo ndo anaondoka na za miezi sita! Simwonei wivu mwalimu, apewe tu. Ila yule wa mbali ndo angeanza.

Najua mtasema mtu ambae virusi havijafubaa ukimpa mzigo mkubwa utamfuatilia vipi. Ni hoja na naiheshimu. Lakini wengi ninaowatafuta mimi sio kwamba virusi vyao vimeshindikana kufubaa, hakuna majibu tu. Na majibu kukosekana ni ziwa hilohilo. Damu ya kupima wingi wa virusi ikitolewa kwenye chupa inatakiwa ndani ya masaa 24 iwe imefika kwenye mashine ya kutenganisha, alafu ikae kwenye baridi mpaka ifike maabara kubwa huko Mwanza mjini. Sasa itoe kisiwani mchana, boti imeshaondoka, kesho upepo. Sampuli imekufa. Mgonjwa anaambiwa njoo tena utolewe, na yeye anaona kama mnamnyonya damu bure, hiyo nayo imefukuza watu msiichukulie poa. Wakati kipo kile kipimo cha tone la damu kwenye karatasi, mnachotumia kwa watoto wachanga, kinakauka na kinasafiri hata kwenye bahasha, wala hakitaki barafu. Kinaweza kupima wingi wa virusi pia. Visiwani kingekua ndo cha kawaida, chupa zibaki kwa walio karibu na mashine.

Na watoto. Mtoto wa mama mwenye VVU anatakiwa apimwe mapema, ikifika wiki ya 6 sampuli iwe imeshatolewa, mana mtoto mwenye maambukizi akichelewa kuanzishiwa dawa wengi hawafikishi miaka miwili. Kuna mama hapa karatasi ya mtoto wake ilichukuliwa, majibu yakarudi kituoni, yakakaa kwenye faili. Hakuna aliyekua na namba yake, simu ilidondoka majini. Kituo ni kile ninachokiona bati zake kutoka mwaloni. Mtoto yuko salama, alikua hana maambukizi, lakini mama alinyonyesha miezi yote ile kwa hofu, kila kikohozi cha mtoto anakuja kunigongea mimi usiku.

Kuhusu uhamisho. Mvuvi wa Ukerewe akifika Goziba au Kome dawa zikimwishia anaenda kituo cha huko na kadi yake. Wahudumu wenye roho nzuri wanampa za wiki mbili. Wengine wanamwambia karudi ulikoandikishwa ukalete barua ya uhamisho, yaani avuke ziwa kwenda kuomba karatasi alafu avuke tena kuipeleka, kwa ajili ya kidonge kilekile kimoja ambacho kiko kwenye kabati hapo nyuma ya huyo anaemfukuza. Wanaojiongeza wanafanya nini? Wanaficha kadi, wanajifanya hawajawahi kupima, wanapimwa upya, wanaanzishwa upya kama mteja mpya. Kwa hiyo kwangu ni mtoro, kwenu kule ni mafanikio ya mteja mpya, na ni mtu mmoja! Sijui takwimu zinazotoka huku zinasafishwaje lakini mimi nisingeziamini sana. Mnasajili laini za simu kwa alama za vidole mpaka mwaloni, mnashindwa nini kumtambua mtu huyuhuyu dirisha la kituo kingine.

Ila msije mkafikiri suluhisho ni kusogeza tu kituo karibu na kila mtu. Kisiwa kidogo ni kidogo kweli. Ukionekana umekaa benchi lile jumanne, jioni kila kibanda kimeshajua, na mhudumu mwenyewe ni shemeji yake jirani yako. Kuna watu hapa wana CTC ng'ambo tu hapo na wanaenda Mwanza mjini, masaa kadhaa ya meli, ili mradi wasionekane. Wanalipa umbali kununua siri. Na kwenye kambi wanalala watu kumi chumba kimoja, chupa ya vidonge inapiga kelele mfukoni, wanahamishia dawa kwenye nailoni wanaficha kwenye boksi la betri la taa, maji yanaingia, zinaharibika. Kwa hiyo mkipanga acheni mtu achague, akitaka karibu apate karibu, akitaka mbali asisumbuliwe, na akija na wenzake watano mmoja awachukulie wote basi mruhusu, hao wameshaaminiana, nyie mnaogopa nini?

Kwenye kupima nako. Utafiti wa taifa wa 2022-2023 ulionesha kwamba kati ya watu wazima wanaoishi na VVU waliokua wanajua hali yao ni asilimia 82.7, lakini wanaojua karibu wote walikua kwenye dawa, asilimia 97.9. Lengo la dunia ni 95 kwa 95 kwa 95, yaani asilimia 95 wajue hali yao, 95 ya hao wawe kwenye dawa, na 95 ya walio kwenye dawa virusi viwe vimefubaa. Maana yake mahali tunapovujisha ni pale mwanzo kabisa, kumfikia mtu ajue. Na nani hajui? Wanaume vijana, wale ambao hawaugui wala hawaendi kliniki ya wajawazito. Mwaloni wamejaa. Sheria ilibadilishwa 2019 mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe, na umri wa kupima bila ruhusa ya mzazi ukashushwa mpaka miaka 15. Vipimo vya jipime ningependa nivione pale wanapouza betri na sigara, wavuvi wakisubiri giza liingie. Kwa sasa vinakuja mara mojamoja, vikiisha vimeisha.

Kuna mwaka walikuja watu na droni. Ilikua 2018, wajerumani, kandege kakatoka Mwanza kakaleta dawa Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika kama 40, watoto walikimbia nako mpaka wakachoka. Magazeti yakaandika. Majaribio yakaisha, kandege kakaondoka, na sisi tukarudi kwenye boti. Wenzetu wa Kalangala Uganda, ziwa hilihili, mwaka 2021 walianza kupelekewa ARV kwa droni kwenye visiwa vya Bufumira. Sina ugomvi na droni. Ila kama mna hela ya kuchagua kimoja, nipeni boti ya injini yenye mafuta na nesi ndani yake, mana droni haiwezi kumuuliza mtu mbona umekonda.

Najua hela ni ngumu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada tuliona hapa ndani ya wiki tu, mradi uliokua unatupa posho ya kufuatilia ulisimama, wenzangu wengi wakaacha, siwalaumu wana watoto. Na mwezi Juni tukasikia kwenye bajeti kwamba kuna kodi zinaongezwa na sehemu kubwa itaenda mfuko wa UKIMWI. Safi, ni hela zetu wenyewe, hakuna wa kutukatia. Swali langu ni zikigawanywa zitagawanywa vipi. Mkigawa kwa idadi ya wagonjwa kwenye rejista tu, kisiwa chenye wagonjwa wachache kitapata kidogo, wakati kumfikia mgonjwa mmoja wa huku ni gharama ya kuwafikia wengi wa mjini. Na sehemu ya wagonjwa wetu ndo hao mlioshawafuta kama watoro, hawahesabiki kabisa!

Mkurugenzi wa halmashauri na Mganga Mkuu wa wilaya, hapa naongea na nyie. Ule Mpango Kabambe wa Afya unaoandaliwa kila mwaka, kwenye mafuta pawe na mstari wa boti unaojitegemea, usichanganywe na wa gari, mana tunajua kati ya gari na boti nani anaanza kupata. Wahudumu wasitoe nauli mfukoni kwao, wapo wanaofanya hivo kimyakimya na siwataji. BMU watumike kutupa taarifa kambi ipi imehamia wapi, hilo tu, majina ya wagonjwa wasiyaone hata kwa bahati mbaya.

Na ratiba ya huduma mkoba ya robo inayokuja mkiipanga ipangeni kwenye mbalamwezi. Mje asubuhi mapema kabla upepo haujaanza, mje na zile karatasi za tone la damu, jipime za kutosha na dawa za miezi sita kwa wanaohama, msilete maturubai yenye maandishi makubwa ya UKIMWI, chumba cha kukaa faragha nitawatafutia mimi, kuna stoo ya dagaa huwa iko tupu siku hizo. Inanuka kidogo.

Wenu,
WAVIU mshauri, Ukerewe